Tawi Namba 214

Msinga
8 Machi 2017

Mwanangu Zibuyile,

Hujambo huko Johannesburg? Huku hatujambo, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanajua habari za mvua kabla ya redio. Mvua yenyewe imenyesha siku mbili. Mahindi ya jirani yangu MaSithole yamesimama vizuri. Ya kwangu nusu yameliwa na ng'ombe wa baba yako mkubwa, na mwenye ng'ombe anasema kosa ni la ua. Unamjua kaka yangu Bhekokwakhe. Ana miaka sabini na saba na hajawahi kukosea hata siku moja. Anakusalimu. Mbuzi wangu mweusi amezaa mapacha. Kaburi la baba yako nimelipalilia mwenyewe.

Sasa hiyo tamthilia yako. Jumapili tulikaa watu kumi na mmoja sebuleni kwa kaka. Nilikuwa nimetamba kijiji kizima kwamba imeandikwa na binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika penseli. Muziki ukalia, kioo kikawa cheusi. Tukangoja. Kikaendelea kuwa cheusi. Tulisikia watu wanahema na sururu zinagonga mwamba, lakini mtu hatukumwona. Kaka akasema televisheni imekufa. MaSithole akasema ni dishi. Nikabonyeza rimoti yote mpaka tukaangukia mpira wa miguu, na wanaume wakakataa kurudi.

Kesho yake nikamwita fundi kutoka Tugela Ferry. Akaikagua mbele na nyuma, akafuta mikono, akaniambia, "Mwalimu, televisheni yako ni nzima. Tamthilia ndiyo yenye giza." Nikamlipa kwa aibu.

Mchana wakairudia. Nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikazima taa, nikavuta kiti karibu kabisa na kioo, peke yangu. Zibuyile, nikaona. Nilimwona yule kijana Fana anashuka shimo la mgodi mara ya kwanza, mwaka huo wa 1912, ana mshumaa tu, anaangalia pale mwanga unapoishia. Nikaelewa kwamba hukutaka sisi tulio kwenye viti tuone zaidi ya alivyoona yeye. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu, mtu mzima na akili zangu.

Lakini nikusahihishe. Wanawake wako wanavaa kofia pana nyekundu, za kuvaa na kuvua. Mwaka 1912 bonde letu halikuwa na kofia hizo. Walisuka nywele zao wenyewe juu ya kichwa, wakazipaka udongo mwekundu, wakalala nazo juu ya kigogo cha kuegemeza shingo. Bibi yangu alikuwa na kovu la kigogo hicho shingoni. Mwambie anayehusika na mavazi.

Usinipigie simu. Mtandao unapatikana pale kwenye tangi la maji tu, na pale kila anayechota maji anakula habari zako bure. Barua mpe Ngubane, dereva wa basi.

Shangazi yako, ambaye hajaacha kusahihisha,
Babazile Mchunu

*

Johannesburg
21 Machi 2017

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na koti bado mwilini. Mimi mzima. Lifti ya jengo letu imekufa wiki ya tatu sasa, napanda ghorofa sita kwa miguu, kwa hiyo tutalinganisha magoti tukionana. Nimekumbuka uphuthu wako, ule ugali wa chengachenga, na maziwa ya mgando ya kwako mpaka nimenunua ya dukani. Sirudii tena. Msalimie Baba Mkubwa na MaSithole, na ahsante kwa kaburi.

Kuhusu kofia, nimekoma. Yule mama wa mavazi nilimwambia, akanijibu kwamba watazamaji wasipoona kofia nyekundu hawatajua kama ni Wazulu. Nilipomsomea habari ya kovu la shingoni aliomba barua aipige picha.

Si fundi wako peke yake aliyelalamika kuhusu giza. Magazeti mawili yameandika kwamba tamthilia ni nzito mno, eti Jumapili watu wanataka kucheka. Wakubwa wa kituo wameniita na kuniambia historia inafukuza watazamaji. Nikawaambia nimechoka na tamthilia za kale ambamo watu wetu wana ngao mpya, meno meupe, wanacheza ngoma, halafu wanakufa vizuri mbele ya jua linalozama. Hakuna mtu wa kwetu aliyekufa hivyo. Walikufa wakikohoa. Nataka mtu akae na kikohozi kile saa nzima, sehemu nane, na akimaliza ajue kwamba waliokuwa wanakohoa walikuwa na wake, na utani, na wivu, na tamaa kama yeye.

Mwongozaji aliniunga mkono, tumepigana, na mpaka sasa hatujaondoa hata mshumaa mmoja.

Na Shangazi, kama mtu hapo kijijini atauliza, waambie wahusika wote nimewatunga. Wakala Sigwili anayekusanya vijana wa kwenda migodini, mdogo wake Fana, wote. Nimewatunga kichwani mwangu.

Mwanao,
Zibuyile

*

Msinga
4 Aprili 2017

Mwanangu Zibuyile,

Natumaini lifti imefufuka. Sisi wazima. Mapacha wa mbuzi wameanza kula nguo kwenye kamba. MaSithole amepata mjukuu wa kike, wamemwita jina la yule mke wa Fana kwenye tamthilia yako. Nimemwonya kwamba hajui mwanamke yule ataishia wapi, lakini hasikii.

Sasa tunaangalia watu ishirini na watano, madirisha yamezibwa, taa imezimwa. Anayekohoa anatoka nje. Anayeuliza "huyu ni nani" anaambiwa angoje. Wazee ambao hawajawahi kukaa kimya hata kanisani wanakaa kimya. Tukimaliza hatuondoki, tunabaki gizani tunabishana kama Sigwili ni mtu mbaya au ni mtu aliyeshikwa pabaya. Mimi nasema ni vyote viwili, na kwamba umemwandika vizuri kwa sababu nimemchukia huku namwelewa.

Hiyo ilikuwa mpaka sehemu ya nne.

Pale kituo cha treni. Sigwili amekwisha kuwaandikisha vijana kumi na wanne, na wa mwisho ni Fana, mdogo wake mwenyewe. Anamfunika blanketi mabegani, la kijivu lenye mstari mmoja mwekundu, anamwambia nenda, mkeo nitamwangalia. Baba yako mkubwa aliinuka akazima televisheni mbele ya watu wote. Kisha akaniuliza mimi, "Nani amemwambia?" Nikamjibu hakuna.

Jumatatu asubuhi alipanda paani. Kaka yangu, na umri ule, na viatu vya kanisani. Televisheni ni yangu, nimeinunua kwa pensheni; paa ni lake. Basi akang'oa dishi akaniachia televisheni. Mchana niliipakia kwenye toroli nikaisukuma mpaka kwa MaSithole, napita mbele ya kibaraza chake polepole ili anione vizuri. Sehemu ya tano tumeiona huko, na watu walikuwa arobaini.

Sasa nijibu mimi niliyekulea. Sigwili unaweza kumtunga, na Fana pia. Blanketi lile hukulitunga. Ulilipata wapi?

Shangazi yako,
Babazile

*

Johannesburg
19 Aprili 2017

Shikamoo Shangazi,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema na nyama ilitosha. Mimi nilikula mkate na mayai kazini. Lifti bado. Hongera kwa MaSithole na mjukuu.

Blanketi ni blanketi tu. Mama wa mavazi alilipata kwenye duka la vitu vya zamani.

Kuna jambo kubwa zaidi. Baba Mkubwa amekwenda kwa wakili. Wakubwa wa kituo wamepokea barua inayosema tamthilia inachafua jina la marehemu Mbango Mchunu, babu yake, mtu aliyeheshimiwa bonde zima. Sasa wameogopa. Ndiyo maana Jumapili ya Pasaka hamkuiona sehemu ya saba, wametangaza "matengenezo". Hakuna kinachotengenezwa. Wanataka mimi nibadilishe mwisho: Fana afe kwa bahati mbaya, Sigwili alie machozi, tumalizie na harusi. Nikikubali, msimu wa pili ni wangu. Shangazi, nina miaka thelathini na mitano na sijawahi kupewa msimu wa pili wa kitu chochote.

Mwisho wenyewe tulishaupiga picha tangu mwaka jana. Ni miaka mingi baadaye, mzee mmoja wa ukoo anakwenda na tawi la mkunazi mpaka kwenye shimo alimofia Fana, anamwita amfuate nyumbani. Sikutaka shimo la kuigiza. Tulikwenda kwenye shimo la kweli, lile la zamani mashariki ya mji, lililofungwa. Mzee anaita, upepo unavuma, kamera haisogei dakika nne nzima. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Na nikuambie ukweli mmoja ambao nimewaficha wote: pale kwenye kuita sikuweza kuandika jina la Fana. Mkono uliandika jina jingine. Mwigizaji aliita, "Nyosana, Mchunu, Macingwane, twende nyumbani." Hakuna aliyeuliza. Walidhani ni shairi.

Nikuchekeshe kidogo, maana barua imekuwa nzito. Mwongozaji aliposema "kata", yule mzee mwigizaji, ambaye dakika moja nyuma alikuwa ametutoa sote machozi, alilitupa tawi juu ya sanduku la nyaya akauliza kama kuku wamebaki. Tawi lenyewe wakalibandika karatasi, namba 214, likaenda stoo pamoja na viti na taa za karabai.

Niambie nifanye nini kuhusu ule mwisho.

Mwanao,
Zibuyile

*

Msinga
28 Aprili 2017

Zibuyile,

Hujambo. Wote wazima. Mbuzi wazima. Salamu zimekwisha.

Tawi liko wapi?

Umesoma vitabu, umesoma mpaka ng'ambo, lakini wewe ni mtoto wa Mchunu na hili hukulisoma, ulikua ukiliona. Ulikuwa na miaka tisa tulipokwenda kuichukua roho ya baba yako mdogo barabarani pale alipogongwa akafa. Ulimwona mshika tawi. Hakusema na mtu njia nzima. Alikatiwa nauli mbili, ya kwake na ya marehemu. Kila mto alimwambia marehemu, tunavuka. Na hakulitua tawi mpaka ndani ya nyumba kubwa, upande wa nyuma kabisa, mahali pa wahenga.

Ninyi mmekwenda kwenye shimo lenyewe, mmemwita mtu kwa jina lake na kwa majina ya sifa ya ukoo wake, mkamwambia twende nyumbani. Halafu mkaenda kula kuku. Unadhani Nyosana anajua kamera ni nini? Kasikia anaitwa. Alingoja miaka mia na nne aitwe. Ameinuka, na sasa amekaa stoo kati ya viti.

Nilikuwa nimekata shauri kwamba neno hili nitakufa nalo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, basi soma.

Mbango na Nyosana walikuwa ndugu, Mbango mkubwa. Bibi yangu, MaKhoza, aliolewa hapa kwa ng'ombe wa Nyosana. Mbango akawa wakala wa migodi, akamwandikisha mdogo wake, akamfunika blanketi. Nyosana hakumaliza mwaka. Mgodi ulirudisha blanketi, mwili haukurudi. Mbango akamrithi mjane, na baba yetu akazaliwa. Sasa jiulize, sisi ni wa nani? Unajua desturi: mrithi humzalia marehemu. Ng'ombe wa mahari ndio wanaosema mtoto ni wa nyumba gani. Mimi, baba yako, Bhekokwakhe, na wewe unayeandika tamthilia, sote ni nyumba ya Nyosana. Na kila mwaka tukichinja tunamtaja Mbango.

Kwa nini hakuchukuliwa? Kwa sababu aliyetakiwa kwenda kumwita ni Mbango. Angesimama kwenye shimo lile amwambie nini?

Bibi aliniambia mwaka 1968, siku chache kabla hajafariki, mimi nina miaka ishirini na miwili. Alinipa blanketi. Liko ndani ya sanduku langu, chini ya vyeti vya ualimu. Ndiyo maana nilikuuliza, na ndiyo maana nakuambia wewe ni mwongo na nakupenda.

Mwisho usiguse. Wasikuzungushe na harusi. Kama wanataka harusi wakaangalie za majirani zao. Mimi nimewaandikia wakubwa wako. Ile karatasi yao ya "matengenezo" iliyotoka gazetini nimeikata, nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, makosa saba, nimewarudishia, na chini yake watu arobaini na watatu wa bonde hili wametia saini wakidai sehemu ya saba na ya nane kama zilivyo. Wasiojua kusoma wameweka dole gumba.

Jambo moja kuhusu kaka yangu. Sehemu ya sita alikuja kwa MaSithole. Hakuingia wala hakukaa, alisimama mlangoni na fimbo yake. Fana alipoanza kukohoa damu aliondoka. Asubuhi dishi lilikuwa limerudi paani.

Tafuta tawi.

Babazile

*

Johannesburg
20 Mei 2017

Shikamoo Shangazi,

Naomba mnihesabie kuwa sijambo. Natumaini baridi haijawakaba, na mapacha wameacha nguo za watu.

Wiki tatu sikuandika kwa sababu nilikuwa nakuonea haya. Barua yako ilinikuta nimekwisha kukubali. Niliwaambia wakubwa sawa, nitabadilisha mwisho, nitaondoa lile jina. Walinipigia makofi. Niliisoma barua yako usiku ule, nikaiweka chini ya mto, nikajidai haijafika. Nilitaka msimu wa pili. Nisingekuambia kama ningeweza kukuangalia usoni, ndiyo faida ya barua.

Kuhusu blanketi, nilikudanganya. Aliniambia Baba, wiki yake ya mwisho hospitalini. Alijua yote, hata mstari mwekundu. Alinishika mkono akasema, "Usimwambie kaka yangu maadamu yu hai." Nikaapa. Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikafikiri, amenikataza kusema, hakunikataza kuandika. Nikaanza kuandika wiki ileile. Kwa hiyo wewe ulikuwa unanificha mimi, mimi nakuficha wewe, na kumbe sote tumekalia blanketi moja.

Wiki iliyopita nilishuka stoo. Niliingia nikiogopa kwamba wamelichoma. Stoo inasimamiwa na mzee mmoja wa Lesotho, Ntate Motlalepula, kwao Ntate ni Baba, mtu mpole asiyesema sana. Nikamwambia natafuta namba 214. Hakunipeleka kwenye viti. Alinipeleka pembeni kabisa, kwenye ukuta safi, ambako alikuwa ameliegemeza tawi peke yake, na mbele yake kikombe cha maji. Karatasi ya namba alikuwa ameibandua.

"Wameniambia nimweke na fanicha," akasema. "Baba yangu naye hakurudi kutoka migodini. Sikuweza."

Nililia pale mbele yake, Shangazi, akaniletea kiti namba 90.

Kutoka stoo nilipanda moja kwa moja kwa wakubwa. Niliwaambia nimetengua neno langu. Ama inakwenda kama ilivyoandikwa, jina na yote, ama watoe jina langu na mimi nitamweleza kila mwandishi wa habari kwa nini nimetolewa. Mkubwa wao alikuwa na barua yenu mezani, yenye madole gumba. Alikuwa ameudhika zaidi na kalamu nyekundu kuliko na maneno yangu. Wakajadiliana siku tatu. Wakili wao akasema Nyosana hajatajwa kwenye malalamiko ya Baba Mkubwa, kwa hiyo hawawezi kushtakiwa kwa ajili yake.

Wameamua hivi. Sehemu ya saba tarehe 4 Juni, ya nane tarehe 11, bila kukatwa. Msimu wa pili wanampa mtu mwingine. Nimesema sawa. Niliposhuka ngazi nilikuwa nacheka.

Nieleze tawi nalileta vipi nyumbani. Mimi ni mwanamke na Baba Mkubwa yupo. Nani atakubali?

Mwanao,
Zibuyile

*

Msinga
29 Mei 2017

Mwanangu Zibuyile,

Baridi ipo lakini hatujambo. Mapacha ni wazima. Baba yako, mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mjanja tangu utoto. Nilicheka peke yangu mpaka MaSithole akaja kuuliza.

Unauliza nani atakubali. Nilimwendea kaka jana kibarazani, nikamsimulia yote, stoo na kikombe cha maji. Alisikiliza akichonga fimbo. Alisema tawi halishikwi na mwanamke, na kwamba yeye hatatoa mbuzi, na hatasimama mahali pa wahenga kumpokea mtu ambaye babu yake hakumpokea. Nikamwambia, "Kaka, mimi ni dada wa baba wa mtoto huyu. Kwetu shangazi ni baba. Kwa hiyo baba yake ameshaamua." Nikamwambia pia kwamba Mbango si babu yake kwa ng'ombe, na yeye anajua, na alijua akiwa paani. Aliacha kuchonga.

Kwa hiyo mbuzi ni wangu, yule mweusi, na Mungu anisamehe kwa mapacha. Mahali pa wahenga nitasimama mimi. Akitufungia mlango nitaukalia mpaka aone njaa, maana jiko ni langu.

Fanya hivi. Kwanza rudi shimoni na tawi. Mwombe radhi kwa uwazi, mwambie mlivyomfanya. Kisha mwite tena. Tangu hapo usiseme na mtu yeyote, hata akikuuliza saa. Mtafute wa kukusemea. Kata tiketi mbili, kiti cha dirishani mpe yeye. Kila mto mwambie. Usilitue tawi chini, hata ukienda haja.

Blanketi nimelitoa kwenye sanduku nikalianika. Nimelitandika mahali pake.

Njoo Jumamosi, ili Jumapili tuangalie sehemu ya nane yeye akiwa ndani.

Shangazi yako,
Babazile

*

Ndani ya basi, baada ya Dundee
Jumamosi, 10 Juni 2017

Shangazi,

Leo sikusalimu. Sijamsalimu mtu tangu alfajiri, na wewe ndiye uliyenikataza. Nimeona kwamba hukunikataza kuandika, na katika ukoo wetu hiyo ina maana yake. Barua hii atakupa Ntate Motlalepula getini. Amekataa kubaki Johannesburg. Ndiye anayenisemea, amekaa kiti cha nyuma yangu na kofia magotini. Naandika kwa mkono wa kulia. Tawi liko mkono wa kushoto na miiba imenichoma mara nne.

Tulifika shimoni jua halijatoka. Nilifikiri nitaona haya kusema na waya na zege, mimi ambaye siku zote nawaandikia wengine maneno ya kusema. Nilimwambia, "Nyosana, nisamehe. Tulikuita tukakuacha na viti." Nikamweleza habari ya Mbango, sikupunguza. Nikamweleza habari ya MaKhoza, kwamba alitunza blanketi mpaka kufa. Kisha nikamwita. Sikuita vizuri kama yule mwigizaji. Sauti ilinikatika katikati, na hakukuwa na mtu wa kusema "kata", kwa hiyo niliendelea.

Ngubane alipotuona mlangoni pa basi alivua kofia. Alichana tiketi mbili, ya kwangu akampa Ntate, ya pili akaisoma kwa sauti, "Mchunu, Nyosana, mpaka Msinga," akaiweka juu ya kiti cha dirishani. Mama mmoja aliyekuwa na mizigo kwenye kiti hicho aliihamisha yote bila kuambiwa. Tangu Johannesburg hakuna aliyepiga muziki ndani ya basi hili.

Pale mto Vaal nilimwambia tunavuka. Alipovuka mara ya mwisho alikuwa na miaka ishirini na mbili, anakwenda upande ule mwingine, na blanketi jipya. Niliwaza hivyo, na nikamwambia kwamba naona vibaya.

Kuna jambo Ngubane amemwambia Ntate tuliposimama Dundee, akijua nasikia. Jana alipopita Msinga na basi alimwona Baba Mkubwa zizini, amevaa koti la kanisani, anafunga mbuzi kwenye nguzo. Mbuzi mweupe, dume, wa kwake. Akamuuliza ana shughuli gani. Akajibiwa kwamba basi limechelewa, aendeshe.

Sijui maana yake, na sitaki kuibashiri. Kama amekufungia mlango, nitakaa nawe mlangoni. Kama ameufungua, basi mweusi wako arudi kwa mapacha wake.

Kesho watu wataiona sehemu ya nane, watamsikia akiitwa. Watadhani ni mwisho niliotunga. Waache wadhani.

Tumeanza kuteremka. Naona bonde, naona mto Tugela chini kule, na daraja. Itabidi niache kuandika ili nimwambie.

Shangazi, nikishuka utataka kunikimbilia mimi, nakujua, miezi mingi hatujaonana. Usinisalimu. Msalimu yeye kwanza.

Zibuyile, wa nyumba ya Nyosana